Yule Mama wa Kabazana

Ukitaka kumkasirisha Orpa, mwulize kama sombe yake ina vijiti. Atakutazama kuanzia juu mpaka chini, atafunika beseni lake, na siku hiyo hutauziwa hata ukipiga magoti. Sombe ya Orpa haina vijiti. Majani ya muhogo anayachuma mwenyewe asubuhi, anayababua motoni, anayatwanga kwa kinu na mchi mpaka yalainike kabisa, na wale wenzake wa soko la Base Camp pale kambini wanaopeleka majani yao kwenye mashine anawaita wanawake wa haraka. Hawampendi kwa hilo. Lakini wakipata wageni wa heshima, ni kwake wanakotuma watoto kununua.

Ni mjane wa makamo, mrefu, mgongo umenyooka, na ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya ya akina mama. Alitoka Sange, kwenye bonde la Ruzizi, kule Kivu ya Kusini, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na ukimsikiliza akisimulia safari hiyo utadhani ni yeye aliyeifukuza vita. Ana maringo, ndiyo. Nani kasema mkimbizi hana haki ya kuringa? Aliingia kambi ya Nakivale, Uganda, na turubai moja, na leo ana nyumba ya matofali ya udongo mtaa wa Kabazana, shamba la maharage linalotazama ziwa, na binti aliyeolewa kanisani kwa kwaya na keki.

Hilo la binti ndilo lililompa fahari kuliko yote, kwa sababu lilimletea mkwe. Néhémie alijifunza Kiingereza papo hapo kambini, kwanza kwa redio, baadaye kwa masomo ya jioni, na sasa alikuwa mtafsiri katika hospitali ya rufaa mjini Mbarara. Mkongomani aliyefika pale bila lugha alisemewa na Néhémie. Orpa hakukosa njia ya kuliingiza jambo hilo kwenye maongezi. Ukilalamika kwamba mvua imechelewa, atakuambia hata Mbarara imechelewa, mkwe wake kasema, yule anayefanya kazi na madaktari.

Lakini kumsifia mkwe ni jambo moja, kukaa naye karibu ni jambo lingine. Kwa watu wa Orpa, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, na habari za mwili, hasa kuanzia kiunoni kwenda chini, hazitajwi kati yao hata kwa mzaha. Kambini wengi wameshalegeza, maana utamkwepaje mkwe wako katika nyumba ya chumba kimoja? Orpa hakulegeza. Siku Néhémie alipokuja na wazee wake kuposa, alifunga kitenge katikati ya chumba akamsalimu kutoka upande wa pili. Wageni wakacheka. Aliwajibu bila kupandisha sauti.

"Vita ilitunyanganya mashamba na ngombe," alisema. "Heshima haikutunyanganya. Hiyo tulikuja nayo siye benyewe."

Ugonjwa wa Orpa ulianza kwa hila. Kikohozi kilipita kwenye kwaya, kikamlaza kila mtu, na Orpa naye akakohoa, akapona, akasahau. Halafu tumbo likaanza. Lilimsokota kuzunguka kitovu, likaacha, likarudi kwa ukali zaidi kila alipokula, mpaka akauweka mchi chini na kukaa amelikumbatia tumbo lake mchana kutwa. Kwenye kituo cha afya walimpima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha ya vidonda vya tumbo, na hawakukosea kuanza hapo, kwa sababu tumbo huuma kwa mambo mengi na mtu huanza na yale anayoyaona kila siku. Alipoanza kutapika, na chooni kukatoka damu, waliita gari la wagonjwa limpeleke Mbarara.

Jirani yake Léoncie, Mrundi anayeuza nyanya sokoni, alifunga meza yake akapanda naye. Apolline, yule binti aliyeolewa, alikuwa kwake Nyamitanga, mjini hapo hapo, ng'ambo ya mto Rwizi, na kichanga cha siku chache, Gad, hawezi kutoka. Kwa hiyo mwenye kumwogesha Orpa na kumpikia akawa Léoncie, na mwenye kumsemea akawa Néhémie, mume wa Apolline.

Daktari wa wadi alikuwa mwanamke wa Kinyankore, Kyarisiima, mwenye miwani na hatua za haraka. Siku ya kufika alimpima Orpa mwili mzima nyuma ya pazia, yeye na nesi tu, Néhémie akiwa wadi nyingine. Tumbo lilikuwa gumu na lilimuuma kila alipoguswa. Miguu ilikuwa safi, na hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu siku ile hapakuwa na cha kuona. Picha ya tumbo ilionyesha ukuta wa utumbo umevimba sehemu moja. Kwa nini umevimba, picha haikusema. Wakamtundikia maji, wakamzuia kula, wakasubiri.

Asubuhi iliyofuata Léoncie alikuwa akimwogesha kwa kitambaa, mara mkono wake ukasimama. Kuanzia vifundoni, kupanda mapajani mpaka kwenye makalio, Orpa alikuwa ametokwa na vidoa vidogo vya zambarau iliyokaribia weusi. Kwenye ngozi yake nyeusi ungeweza kuvipita kwa macho, lakini ukipapasa unavihisi vimeinuka. Havikuwasha. Na magoti yalikuwa yamejaa.

"Orpa, hivi si viroboto," Léoncie alisema. "Umwambie muganga."

"Nimwambie na kinywa ya nani?" Orpa aliuliza. "Kinywa iko moja hapa, na ni ya mukwe wangu. Nimwambie mukwe wangu: uliza basi juu ya matako ya mama mukwe wako?"

"Omba bakuletee mutafsiri mwingine."

Orpa alishalifikiria hilo kabla ya Léoncie.

"Baseme mbele ya bakubwa bake kama hata mama mukwe wake anamukataa? Baanze kumuangalia mubaya? Hapana. Na tena miye niko naugua tumbo. Miguu iko na kazi gani mu tumbo? Funika. Na usimwambie mutu."

Léoncie alifunika. Kosa lilikuwa hapo, na ukitaka kulicheka, kwanza jiulize kama wewe ungejua. Nani angedhani kwamba vidoa vya pajani na msokoto wa kitovuni ni ugonjwa mmoja?

Daktari Kyarisiima yeye alishaanza kudhani. Alipopita na wanafunzi wake alisimama kitandani kwa Orpa muda mrefu kuliko kwingine, akauliza kwa Kiingereza maswali aliyokuwa hajapata kuyauliza. Je, viungo vinauma? Kuna chochote kimetokea kwenye ngozi, miguuni, mapajani, makalioni? Mkojo umebadilika rangi?

Néhémie alikuwa na sifa moja pale hospitalini, nayo ni kwamba hakumpunguzia mgonjwa hata neno. Alitafsiri matusi. Alitafsiri vilio. Mara moja alimtafsiria mzee mmoja maombi yote mpaka amina, na madaktari wakasimama wakingoja. Lakini asubuhi ile alitazama dirishani, masikio yakamwaka moto.

"Mama," alisema, "muganga anauliza kama kuko fasi ingine yenye kukuumiza."

"Hapana, Baba Gad. Ni mu tumbo tu."

"Hakuna kingine," Néhémie alimwambia daktari.

Maswali matatu marefu yalikwenda, likarudi jibu moja fupi. Daktari alipogusa blanketi ili atazame, Orpa alilishika kwa mikono miwili, na daktari akafikiri ni maumivu, akaliachia. Mkwe na mama mkwe walikuwa wamestahiana vizuri kabisa, kama walivyofunzwa, na ugonjwa ukabaki pale pale chini ya blanketi.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Siku iliyofuata damu iliongezeka na Orpa hakuweza tena kujinyoosha. Mchana Daktari Kyarisiima alirudi, safari hii bila wanafunzi, akazungumza na Néhémie kwa sauti ya chini. Néhémie aliinama kidogo kuelekea kitandani.

"Mama, banataka kupasula tumbo. Kesho asubuhi. Banasema bakifungua ndiyo bataona mule ndani kuko nini."

Orpa aliogopa. Tusimfunike kwa maneno mazuri. Aliwaza tumbo lililoshonwa litakavyouinua mchi. Aliwaza kile kichanga cha Nyamitanga ambacho alikuwa hajakiona. Na kilichomtisha zaidi ni uso wa daktari. Miaka yote ile sokoni ilimfundisha kumjua mtu anayenunua kitu huku moyo haumo, na daktari yule alikuwa anakwenda kupasua huku moyo haumo. Alikuwa anatafuta kitu asichokiona. Orpa alikuwa amekilalia.

Alivuta shuka mpaka kidevuni, akageukia ukuta.

"Baba Gad."

"Niko hapa, Mama."

"Mwambie muganga, kuko mama mumoja kwetu Kabazana. Niko namujua muzuri sana. Naye aliugua tumbo, sawa hii yangu."

Daktari alikuwa ameshashika faili kuondoka. Néhémie alitafsiri, na kwa kuwa ni mtafsiri hakuongeza wala kushangaa: kuna mama mmoja Kabazana, aliugua tumbo kama hili.

"Sasa ule mama, kisha tumbo kumuuma siku mingi, akatoka madoa mu miguu. Ya meusi. Inaanzia huku chini, inapanda, mpaka…" Orpa alivuta shuka mpaka puani. "Mpaka fasi yenye mutu anakalia."

Néhémie aligeukia dirisha, akafunga mikono mgongoni, akatafsiri. Safari hii hakuacha hata neno. Vidoa, miguu, mapaja, makalio, vyote vilitoka kinywani mwake vimenyooka, kwa sababu mama mkwe wake hakuweza kumtajia maneno hayo, lakini mama wa Kabazana alikuwa mtu baki, na mtu baki akiumwa anasemewa ugonjwa wake wote.

Daktari Kyarisiima aliinua kichwa. Naye ni mtoto wa watu. Kwao, upande wa Kakiika, alimwona bibi yake akizunguka nyuma ya nyumba kila mkwe alipoingia uani. Alimtazama mwanamke aliyegeukia ukuta, akamtazama mwanamume aliyegeukia dirisha, na hakutabasamu. Alivuta kiti akakaa.

"Muulize," alimwambia Néhémie, "huyo mama wa Kabazana, magoti yake yalivimba?"

"Ilivimba. Na vifundo."

"Mkojo wake je?"

Hapo Orpa alisogea karibu zaidi na ukuta. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Ulikuwa sawa chai yenye haina maziwa."

"Na kabla ya tumbo, aliwahi kukohoa? Mafua, homa ya koo?"

"Kwaya yetu yote ilikohoa!" Orpa alijibu upesi, kisha akajirekebisha. "Kwaya yao."

"Vile vidoa ukivibonyeza vinapotea?"

Orpa hakujua. Lakini Léoncie, aliyekuwa amekaa pembeni ameficha uso kwenye kanga, alishindwa kujizuia.

"Hapana, havipotei! Nilibonyeza miye mwenyewe!" Akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Daktari aliinuka. Akaacha Kiingereza akatumia Kiswahili chake kidogo, kile cha Uganda kisicho na mapambo, asichokiamini kwa maswali ya ugonjwa.

"Néhémie, sebo, bwana, wewe enda nje kidogo. Umefanya kazi mzuri sana. Sasa mimi na mama tutaongea na mikono."

Néhémie alitoka. Orpa aliachia blanketi mwenyewe, hakungoja kuombwa. Daktari alipapasa vile vidoa kwa kiganja, akabandika gilasi juu yake akabonyeza, na kweli havikupotea. Alikaa kitako pale pembeni ya kitanda, akapumua kwa nguvu.

Upasuaji ulisimamishwa saa ile ile. Damu ilipimwa: chembe za kuigandisha zilikuwa za kutosha, kwa hiyo si ugonjwa wa kukosa hizo. Mkojo ulipimwa: ulikuwa na damu na protini. Kipande kidogo cha ngozi, ukubwa wa punje ya mtama, kilikatwa mguuni kwenda kutazamwa maabara. Jina la ugonjwa lilikuwa refu, hata Néhémie alilirudia mara mbili, lakini maelezo yake Orpa aliyaelewa vizuri kuliko watu wengi waliosoma. Kinga ya mwili, ikiisha kupigana na kikohozi, imeigeukia mishipa midogo kabisa ya damu. Mishipa inavimba na kuvuja. Ikivuja utumboni, tumbo linasokota na damu inatoka. Ikivuja kwenye ngozi, ni vidoa. Ikivuja kwenye figo, mkojo unakuwa chai. Mara nyingine tumbo hutangulia peke yake siku nyingi, na wapo waliopasuliwa bure kwa sababu ngozi ilichelewa.

"Inapata sana watoto," Daktari Kyarisiima alimwambia. "Mtu mukubwa, sisi tunaogopa figo. Tumbo itapona haraka. Figo, bado hatujui."

Alianzishiwa dawa ya kutuliza ile mishipa, na baada ya siku mbili alikunywa uji ukakaa. Daktari aliwakusanya wanafunzi wake mbele ya kitanda akawaambia kwamba mgonjwa huyu ndiye aliyeufungua ugonjwa wake, na kwamba wao wajifunze kukaa chini na kungoja. Néhémie alitafsiri. Orpa alinyoosha shingo akawatazama mmoja mmoja, kama siku ya kuimba peke yake kanisani.

Akarudi Nakivale. Dawa zilimvimbisha mashavu, na wale wanawake wa haraka walipomcheka sokoni aliwaambia huo ni unono wa Mbarara, wao watausikia tu. Alieleza jinsi mkwe wake alivyotafsiri ugonjwa ambao haujapata kufika Base Camp. Sehemu ya makalio aliiruka. Lakini nyumbani, peke yake, alikuwa akichungulia mkojo wake kwenye kopo kila asubuhi, na mara nyingi ulikuwa na povu, na povu hilo lilimkosesha raha ya kula. Figo zikifa, hakuna sombe, hakuna kwaya, hakuna mjukuu. Alilijua hilo wazi.

Kila mwezi alirudi hospitalini. Mara ya kwanza walimwandalia mtafsiri wa kike, msichana wa Kikongomani mwenye adabu zake, ili mama awe huru. Orpa alimshika mkono, akamsifia nywele, akamkataa.

"Asante, binti yangu. Ila ule mama wa Kabazana alizoea Baba Gad. Na Baba Gad ndiye anajua kazi."

Basi ikawa hivyo. Orpa alikaa akitazama ukuta, Néhémie akasimama akitazama dirisha, na daktari katikati yao akiuliza habari za mama wa Kabazana: povu lake, miguu yake, choo chake. Manesi wapya walidhani watu hao wamegombana. Hakuna kitu alichofichwa daktari, hata yale ambayo watu wengine hawamwambii daktari wakiwa peke yao. Vidoa vilirudi mara moja, Orpa akavisema siku hiyo hiyo. Dozi ikabadilishwa, ikaongezwa dawa ya shinikizo la damu ili kuzisitiri figo, na kila mwezi jibu lilikuwa lile lile: tungoje.

Ikafika siku ya mvua kubwa, Orpa akaingia kliniki viatu vimejaa matope, akakaa mahali pake. Daktari Kyarisiima alisoma majibu ya maabara. Akayasoma tena. Kisha akasema jambo kwa Kiingereza, si refu, akavua miwani.

Néhémie hakutafsiri.

Orpa alingoja. Alisikia mvua kwenye mabati na mtu akikohoa nje. Huyu ndiye aliyetafsiri matusi na vilio na maombi mpaka amina. Ni neno gani basi limemshinda? Akageuka kutoka ukutani, akamtazama mkwe wake moja kwa moja, akaona mabega yake yanatikisika.

"Ni mubaya?" aliuliza.

Néhémie alitikisa kichwa, hapana, lakini sauti haikutoka. Daktari angeweza kusema mwenyewe kwa Kiswahili chake. Hakusema. Ilikuwa kazi ya Néhémie, na alimngojea.

Orpa alijitengeneza kwenye kiti, akanyoosha mgongo.

"Sema tu, Baba Gad," alimwambia. "Ule mama anasikia."

Néhémie aligeuka kutoka dirishani, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Figo yako imepona, Mama," alisema, na hakuna aliyemsahihisha.